Mteja Hapatikani: Shajara ya Masika, Morogoro

Jumatano, 5 Machi 2025

Kijana wa takwimu pale chuo kikuu cha SUA amenitumia makala nyingine. Ni ya namna ile ile: mtafiti anachukua data za mradi wa TCGA wa Marekani, zilizo wazi kwa yeyote mwenye intaneti, anachagua protini chache, anazifanya alama moja, kisha anawagawa wagonjwa wa saratani ya umio mafungu mawili. Wenye alama ya juu wanakufa mapema, wenye alama ya chini wanachelewa. Kwenye mchoro mistari miwili imeachana vizuri. Ananiuliza: "Dada, vile vinyama vyenu vya kabatini haviwezi kupimwa hivi?"

Nimemwambia asubiri. Wenzetu walitumia tishu iliyogandishwa ikiwa mbichi. Iliyeyushwa, protini zikatolewa, majimaji yakadondoshwa vitone kwenye kioo, kila mgonjwa na vitone vyake. Kioo kimoja kilipakwa kingamwili moja, inayoshika protini moja. Kitone kikikolea rangi, protini hiyo ni nyingi. Vioo kama mia mbili, protini kama mia mbili. Vinyama vyangu vya maabara, vilivyokatwa kwa wagonjwa, vimelala kwenye nta ya parafini baada ya kulowekwa fomalini. Hivyo vitone siviwezi. Ninachoweza ni kukata utando mwembamba, kuupaka kingamwili na kuutazama kwa hadubini.

La pili ni kubwa zaidi. Makala mama ya TCGA, iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2017, ilikuwa na uvimbe wa umio 164. Tisini ni wa seli bapa, karibu wote waliobaki ni wa tezi. Waandishi wenyewe walionyesha kwamba hayo ni magonjwa mawili: wa seli bapa unafanana na saratani za kichwa na shingo, wa tezi unafanana na saratani ya tumbo. Baadhi ya makala za alama za protini huwatia wagonjwa wote kapu moja. Hapo protini inaweza kuonekana imetabiri uhai, kumbe imetambua tu huyu ana ugonjwa upi. Kwetu, katika ukanda huu unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi mashariki ya Afrika Kusini, zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi ni wa seli bapa. Alama iliyojengwa juu ya tofauti ya aina hizo mbili haina la kutuambia.

Jumapili, 9 Machi

Kinole. Barabara baada ya Kiroka imeanza kuteleza, na kwenye vilima bodaboda akaniomba nishuke nitembee.

"Shikamoo mjomba." "Marahaba mpwa wangu, umekuja na mvua."

Futari ilikuwa mihogo ya nazi, magimbi na tambi. Mjomba hakugusa hata kimoja. Alichukua uji wa pilipili manga, akawa anaunywa funda ndogo ndogo, anatulia, anaendelea. Mke wake aliniambia jikoni kwamba ni hivyo tangu mwaka uanze. Kwanza nyama, ikafuata ugali, sasa hata ndizi za kuponda anaziogopa. Duka la dawa wamemuuzia vidonge vya vidonda vya tumbo, na amevimaliza. Mkanda wake una tundu jipya, limetobolewa kwa msumari.

Madaktari wana ngazi ya kumeza yenye daraja tano. Sifuri, unakula chochote. Moja, vigumu vinapita kwa shida. Mbili, vilaini tu. Tatu, vya majimaji tu. Nne, hata mate hayapiti. Mjomba yuko kwenye tatu, na mguu mmoja umebaki kwenye mbili. Umio una tabia ya kutanuka, ndiyo maana mtu huanza kukwamwa na ugali pale njia inapokuwa imebanwa kufikia kama milimita 13 hivi. Anayesema "kuna kitu kimekaa kooni" mara nyingi kitu hicho kimekaa siku nyingi.

Nimemwambia twende akapimwe kwa kamera. Amesema baada ya Ramadhani. Nimemwambia wiki ijayo. Mke wake akakohoa, naye akanyamaza. Kwa mjomba, kunyamaza ni kukubali.

Alhamisi, 20 Machi

Amepimwa. Vinyama vimeletwa maabara leo asubuhi, na nilipoona jina kwenye kichupa nikampa mwenzangu aendelee navyo. Mimi ni mpwa wake. Kwa Waluguru mali ya ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mtu anayemrithi mjomba ni mtoto wa dada yake. Sitaki mkono wangu uwe kwenye kinyama hicho wala kwenye maandishi yake.

Nikawa na kazi nyingine: kukagua fomu za sampuli kutoka vituo vya nje. Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye fomalini iliyosawazishwa kwa chumvi zake mara tu kinapotoka mwilini, fomalini ikiwa nyingi, mara kumi ya ujazo wa kinyama, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikikaa muda mfupi, protini zinaoza kutoka katikati. Kikikaa mno, fomalini inazifunga protini zenyewe kwa zenyewe hadi kingamwili haipati pa kushika. Tangu 1991 tunajua kuzifungua tena kwa kuchemsha utando kwenye maikrowevu, lakini si kila iliyofungwa hufunguka, na iliyooza hairudi.

Kituo kimoja kimetuma vinyama bila saa ya kuchukuliwa, kwenye kichupa chenye kimiminika ambacho kwa harufu kina fomalini kidogo na maji mengi. Protini ikikosekana kwenye kinyama hicho, nitasema uvimbe hauna protini hiyo au nitasema dereva wa gari alichelewa?

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita. Jibu limetoka: saratani ya seli bapa, yenye seli zilizokomaa kiasi. Daktari alimwambia yeye na mke wake, mimi nikiwa nje. Nilitaka wasikie kutoka kwa mtu asiye na shamba katika jambo hili.

Jioni kijana wa takwimu akauliza kuhusu p53. Ndiyo protini mashuhuri kuliko zote katika saratani, iligunduliwa mwaka 1979, na kazi yake ni kuisimamisha seli yenye jeni zilizoharibika isiendelee kugawanyika. Jeni yake ikiharibika, mara nyingi protini mbovu hurundikana kwenye kiini cha seli na utando hukolea kahawia. Angetaka tuanze nayo kwa sababu kingamwili yake ni rahisi kupatikana.

Nimemjibu hivi: katika saratani ya umio ya seli bapa, karibu uvimbe wote una jeni hiyo iliyoharibika. Ilionekana Marekani, na vinyama vya Malawi navyo vilikutwa na jeni hiyo iliyoharibika. Protini ambayo karibu kila mgonjwa anayo inakusaidia kuujua ugonjwa. Haikusaidii kumtenga atakayeishi mwaka na atakayeishi miezi mitatu.

Ki-67, inayohesabu seli zilizo katika kugawanyika, ina kasoro nyingine. Inatofautiana vya kutosha, ila matokeo yake kuhusu uhai yanapingana kutoka utafiti mmoja hadi mwingine, na kila mtu ana mpaka wake wa kusema hii ni nyingi na hii ni kidogo. Ukiruhusiwa kuchagua mpaka baada ya kuona nani amekufa, hutakosa mpaka unaokupendeza.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua tangu alfajiri, Lupanga haionekani kabisa. Nimekaa na daftari la wagonjwa wa umio na simu.

Kila makala ya kutabiri uhai imejengwa juu ya mchoro wa Kaplan na Meier, wa mwaka 1958. Mstari unaanza juu, wagonjwa wote wakiwa hai. Kila kifo kinaushusha hatua moja, hadi unafanana na ngazi za mashamba ya Mgeta. Aliyepotea kabla ya mwisho wa utafiti hahesabiwi kuwa amekufa wala kuwa anaishi. Anatolewa kwenye hesabu kimyakimya kuanzia siku aliyoonekana mara ya mwisho. Kuna sharti moja tu: waliopotea wawe na bahati sawa na waliobaki.

Nimepiga namba ya kwanza. *Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.* Ya pili vilevile. Ya tatu imepokelewa na mtu wa Ifakara aliyenunua laini hiyo juzi. Ya nne, mwanamke: "Huyo alishatangulia, mama. Tulimzika kabla ya arobaini ya babu." Arobaini ya babu ilikuwa lini? Akaita watu, wakajadiliana, wakanipa mwezi wa Shabani, wiki ya gulio. Kwa namna hiyo nikapata tarehe yenye kosa la siku tatu nne, na hiyo ni nzuri mno.

Sharti la Kaplan na Meier halipo hapa. Anayeendelea kuja kliniki ana nguvu za kupanda gari na nauli ya kulipa. Anayepotea ni yule aliyezidiwa akarudishwa kijijini. Ukimtoa kwenye hesabu kana kwamba bahati yake ni sawa na ya aliyebaki, mstari utakaa juu kuliko ukweli. Halafu tafuta protini inayokwenda na "kuishi muda mrefu", nawe utakuwa umetafuta protini ya watu wenye nauli.

Alhamisi, 17 Aprili

Dar es Salaam. Tumekuja na mjomba kwa treni ya SGR, chini ya saa mbili kutoka Morogoro. Njia nzima alitazama dirishani akilaumu kasi kwamba inamnyima kuona mashamba ya watu.

Ocean Road, jengo la Wajerumani la mwaka 1897, bahari iko ng'ambo ya barabara. Tangu 1996 ni taasisi inayojitegemea ya saratani. Kwenye mabenchi unasikia lafudhi za nchi nzima. Mzee mmoja wa Mbeya na mjomba walianza kulinganisha bei ya mahindi, na baada ya muda wakaanza kulinganisha wanachoweza kumeza.

Daktari amesema wazi: picha zinaonyesha ugonjwa umetoka nje ya umio, upasuaji haufai. Kwanza njia ya chakula ifunguliwe kwa stenti Muhimbili, halafu itazamwe kama mionzi itasaidia. Mjomba aliuliza maswali mawili tu, la bei na la kurudi nyumbani.

Nikingoja dirisha la dawa nilifikiria PD-L1. Ni protini ambayo uvimbe huitumia kuwatuliza askari wa mwili. Unahesabu seli zote zilizokolea, za uvimbe na za kinga, unagawa kwa seli hai za uvimbe, unazidisha kwa mia. Katika jaribio la KEYNOTE-590, lililochapishwa 2021 likiwa na wagonjwa 749, wale wa seli bapa wenye alama 10 na kuendelea waliopewa pembrolizumab pamoja na kemo walifikia mediani ya miezi 13.9. Waliopata kemo peke yake, 8.8. Protini nyingi za kwenye makala husema tu mwendo wa ugonjwa utakuwaje. Hii inasema nani dawa itamfaa, na ndiyo yenye faida zaidi kwa daktari. Lakini dawa hiyo bei yake haishikiki kwa mkulima wa Kinole. Kumpima mjomba PD-L1 leo ni kumpa habari ya mlango ambao hana ufunguo wake.

Jambo jingine: ili uingie kwenye jaribio lile ilibidi uwe mtu anayejitembeza na kujihudumia. Hata hiyo 8.8 ni ya watu walioanza na nguvu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Maabara kimya, nimepata nafasi ya kusoma kuhusu protini zisizo na jina kubwa.

Mwaka 2003 madaktari wa Glasgow walichukua vipimo viwili vya damu kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu wasioweza kupasuliwa. Cha kwanza ni CRP, protini ambayo ini huimwaga kwenye damu mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi. Cha pili ni albumini, protini nyingi kuliko zote kwenye majimaji ya damu. CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita na albumini ikiwa chini ya gramu 35, alama ni 2. Ikiharibika moja tu, 1. Zikiwa salama zote, sifuri. Alama hiyo imejaribiwa tangu hapo kwenye saratani nyingi, ya umio ikiwemo, na mara kwa mara imewatenga wanaowahi kufa na wanaochelewa. Mashine ya kupima albumini tunayo hapa hapa mjini, na inafanya kazi vitendanishi vikiwepo.

Nilikuwa naisoma albumini kama kipimo cha njaa, na vitabu vya lishe viliifundisha hivyo kwa miaka mingi. Siku hizi maelezo yamebadilika. Mwili ukiwaka, ini huacha kutengeneza albumini kwa wingi ili litengeneze CRP na wenzake, na mishipa huivujisha albumini nje. Kwa hiyo ikishuka inasimulia njaa na moto kwa pamoja, wala huwezi kutenganisha sauti hizo kwa namba moja. Tena mgonjwa asiyemeza hata maji huja amekauka, damu nzito, na albumini huonekana nzuri kuliko ilivyo. Lazima apewe maji kwanza ndipo upime.

Ya mjomba ni 29. CRP yake iko juu. Alama 2. Naandika hapa kwa sababu sijui pengine pa kuiweka. Mrithi anayejua alama ya anayemrithi amebeba kitu ambacho mila haikumpangia.

Jumanne, 6 Mei

Stenti imewekwa Muhimbili. Ni kibomba cha nyuzi za chuma kinachoingia kimekunjwa, kikifika mahali pake kinatanuka chenyewe. Alirudi wodini akilalamika kifua kinauma, na baada ya muda akalalamika njaa. Muuguzi akacheka akasema hayo ndiyo malalamiko wanayoyapenda.

Masharti: ale amekaa, atafune hasa, asimeze mapande ya nyama wala chapati kavu, kila mlo ufuatwe na maji. Daraja la kumeza limetoka tatu hadi moja kwa mchana mmoja. Hakuna protini iliyobadilika.

Jumapili, 11 Mei

Kinole tena. Anakula ugali laini na mlenda. Mke wa mjomba alinivuta pembeni.

"Nieleze, mwanangu. Ni chai? Alikuwa anainywa ikitoka mekoni."

Nimemwambia ninachokijua. Mwaka 2016 shirika la IARC, lililo chini ya WHO, liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Mwaka mmoja nyuma, watafiti waliopima chai ya maziwa kule Kilimanjaro walikuta watu wanaanza kuinywa ikiwa zaidi ya nyuzi 70. Yapo pia mahindi yenye ukungu: sumu iitwayo fumonisini ilitengwa Afrika Kusini mwaka 1988 kutoka ukungu wa mahindi ya Transkei, ambako ugonjwa huu ulikuwa mwingi. Upo moshi wa jikoni, ipo tumbaku, ipo pombe. Hata hivyo mwaka 2021 jeni za uvimbe 552 kutoka nchi nane, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwemo, zilisomwa zote kutafuta alama ya vidole ya mkosaji. Alama katika nchi zenye ugonjwa mwingi zilifanana mno na zile za nchi zenye mchache. Mkosaji hakuacha alama.

"Kwa hiyo siyo chai?"

"Yawezekana ni chai pamoja na mengine. Waacheni watoto waisubiri ipoe."

Akaita wajukuu papo hapo na kuwatangazia sheria mpya ya nyumba.

Jumapili, 8 Juni

Wikiendi ya Idi ya kuchinja. Mjomba alikula nyama ya kusaga, akatunywesha sisi supu yake. Baada ya adhuhuri akaniita tukakae chini ya mti wa mdalasini.

"Wewe unapima. Niambie, nitavuna mahindi haya?"

Nilijua swali hili litakuja. Nimemwambia mambo matatu. Kwamba vipimo vinasema habari za kundi: ukichukua watu mia wenye damu kama yake, unaweza kusema kwa haki wangapi watafika wapi, lakini huwezi kumnyooshea mmoja wao kidole. Kwamba kundi lake ni la wanaokwenda haraka, wengi hawamalizi mwaka tangu ugonjwa kujulikana. Kwamba kula kwake sasa ni jambo jema, na hakuna utafiti niliousoma uliopima watu wa Kinole waliowekewa stenti wakaendelea kulima.

"Hiyo ya tatu umeniongezea utamu," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Nilikuuliza ili nijue mashamba ya ukoo niyapange mwezi huu au baada ya mavuno."

"Mwezi huu."

Akaitikia kwa kichwa, akamtuma mtoto amwite mdogo wangu, mjumbe na wazee wawili. Kabla ya magharibi mipaka ilikuwa imetembelewa, ule wa juu kwa sauti kubwa sana. Mimi nimepewa kipande chenye mdalasini, na nimekipokea mbele ya watu wote. Naandika ili ijulikane nilikuwa nani nilipojibu swali lile.

Nikirudi mjini nimefikiri: swali lake lilikuwa la kitaalamu kuliko ya makala nyingi. Alitaka utabiri kwa ajili ya uamuzi alioutaja. Alama za protini nyingi hazisemi ni uamuzi gani utabadilika ukizijua.

Jumatatu, 23 Juni

Kijana wa takwimu alikuja na kompyuta yake. Nimemwomba afanye jaribio moja: achukue data zile zile za TCGA, aache protini kama zilivyo, lakini muda wa kuishi auchanganye ovyo, wa huyu ampe yule. Sasa hakuna protini inayoweza kujua lolote, maana kila mtu amebeba kifo cha mwingine. Kisha programu ichague protini bora, ijenge alama, na ichore.

Imechagua tano. Mistari miwili imeachana vizuri.

Alikaa kimya, akachanganya tena, ikachagua nyingine nne, mistari ikaachana tena. Protini karibu mia mbili, watu wa seli bapa hawafiki mia, na waliokufa kati yao ni wachache zaidi. Kinachobeba uzito kwenye hesabu ya Cox, ile inayopima kigezo kinavyokwenda na uhai, ni vifo. Watakwimu wa zamani walishauri angalau vifo kumi kwa kila kigezo unachokitia. Ukizipepeta protini mia mbili juu ya vifo vichache, lazima zipatikane zinazokwenda nao kwa bahati, na ukijipima kwenye data ulizochagulia utafaulu siku zote. Dawa yake ni kupima kwa watu wengine kabisa, mpaka ukiwa umewekwa kabla. Mwongozo wa REMARK wa 2005 unataka mwandishi aeleze yote hayo: sampuli zilitoka wapi, mpaka ulichaguliwaje, wagonjwa walifuatiliwaje, wangapi walipotea.

"Basi watu wengine kabisa ni sisi," akasema.

Ni kweli, na hapo ndipo nilipotaka afike. Ukanda huu una wagonjwa ambao alama zile hazijawahi kukutana nao. Ila hatuwezi kumjaribu mtabiri kama hatujui kilichotokea.

Jumatano, 9 Julai

Rasimu ya fomu ya kuwafuatilia wagonjwa imekamilika. Kila mgonjwa wa umio atakayepita kwetu kwa kamera, akiridhia, ataandikiwa: uzito wa leo na wa kawaida yake, daraja la kumeza, albumini na CRP baada ya kupewa maji, saa kinyama kilipotoka na saa kilipoingia fomalini. Na simu tatu: yake, ya ndugu asiyekaa naye, na ya mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji. Tarehe ya kifo ikipatikana kwa kumbukumbu ya hitma au arobaini, iandikwe imepatikanaje. Kwenye ridhaa mgonjwa ataambiwa waziwazi kwamba tutapiga hata akiacha kuja, na kwamba tunapiga kuuliza kama yupo.

Mganga mfawidhi ameuliza safu ya protini za uvimbe iko wapi, maana wafadhili wanapenda hiyo. Nimesema ipo mwisho. Vinyama vitatunzwa kwa saa na fomalini zinazojulikana. Tukishakuwa na vifo vya kutosha vyenye tarehe, ndipo tununue kingamwili, nazo zishindanishwe na mizani, daraja la kumeza na albumini. Protini ambayo haiongezi kitu juu ya hivyo vitatu hatuna sababu ya kuinunulia jokofu.

Akauliza nani atapiga simu hizo kila mwezi, maabara haipati posho ya simu. Nimesema mimi na kijana wa SUA, kwa zamu, na vocha iombwe kwenye bajeti ya robo hii. Amekubali kwa sharti kwamba miezi sita ya kwanza tumwonyeshe wangapi wamepotea. Chini ya mmoja kwa kumi ndilo lengo.

Mjomba nimemweka kwenye orodha kama wengine, na zamu yake ni ya kijana. Uzito umepanda kidogo mwezi Juni, sasa umesimama. Mahindi ya bondeni yamekauka, wanaanza kuvunja wiki ijayo, naye amesema atakuwepo kuhesabu magunia kwa sababu hawaamini vijana.